Kaburi la Askofu Nililolisifu Bila Kuliona

Afadhali nijitangaze mwenyewe kabla Mhando hajakufikia, kwa sababu Mhando akisimulia huongeza chumvi, na kisa hiki hakina haja ya kuongezewa kitu: mimi hapa, mwanamume wa miaka hamsini na nne, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, niliwaongoza watu ishirini na watatu waliovaa sare ya kitenge hadi kwenye makaburi fulani mashariki ya London, tukaimba, mmoja wetu akalia, tukaweka mashada manne na kumwaga udongo uliotoka Tanga juu ya kaburi la mtu asiyetuhusu kwa lolote, si kwa damu wala kwa imani. Hakuna aliyenisukuma. Chanzo chake ni sentensi moja, nayo niliiandika kwa mkono wangu.

Miaka miwili iliyopita niliandika makala ya maisha ya Askofu Edmund Thackwell. Ilikuwa ya jarida la jumuiya yetu, Watanzania tunaosali kwa Kiswahili mara mbili kwa mwezi huko Tottenham, jarida la kurasa nane ambalo nusu yake ni matangazo ya watu wanaosafirisha mizigo kwa meli. Askofu huyu kwetu Kwemtindi, kijiji cha milimani juu ya Muheza, bado anatajwa kana kwamba ameondoka jana. Alikuwa mtoto wa muuza mishumaa, akasomea ukasisi, akaja Afrika Mashariki kabla hajafikisha miaka thelathini, akaugua homa karibu mwaka mzima wa kwanza, akajifunza lugha jikoni kwa mpishi wake (ndiyo maana, wazee walisema, mahubiri yake ya mwanzo yalijaa vyungu na kuni), akapanda hadi uaskofu, akajenga kanisa la mawe ambayo kwa kweli yalibebwa na kina mama kichwani, akamwandikia gavana barua kali kupinga watu kukamatwa na kubebeshwa mizigo ya serikali, akaanzisha Chama cha Kuacha Pombe, na nguvu zilipomwishia akarudi London kukaa kwa dada yake mpaka alipokufa. Hayo nilikuwa nayo. Nilikwenda maktaba, nikasoma barua zake, nikapiga chafya kwa vumbi. Kazi ilikuwa halali.

Kasoro ilikuwa mwisho. Makala haikuwa na mwisho, nami ni katika wale waandishi wanaoamini kwamba makala bila mwisho mzuri ni kama mgeni asiyejua kuaga. Katika barua mojawapo nilikuwa nimeona jina la makaburi alikozikwa, na kutoka kwangu Walthamstow ni basi moja, dakika ishirini na tano, kama dereva hana hasira. Lakini ilikuwa jioni, mhariri alikuwa anasubiri, na kulikuwa na mchele jikoni. Basi nikaandika: "Nimesimama mbele ya kaburi lake, manyunyu ya London yakinidondokea mabegani, na ndege mdogo mwenye kifua chekundu akatua juu ya jiwe, akanitazama." Sikuwa nimesimama popote. Nilikuwa nimekaa, nimevaa soksi, nasikiliza kama maji ya mchele yamekauka. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, na nikishakwenda sentensi itakuwa kweli, imechelewa kidogo tu kuwa kweli.

Sikwenda Jumamosi. Sikwenda Jumamosi yoyote kwa miaka miwili.

Mwaka huu mwezi wa tatu akanipigia Neema. Neema ni mtu wa kwetu, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mitaa miwili kwa miaka kumi na tano.

"Kaka Joeli, mama amepata viza."

"Hongera! Anakuja lini?"

"Mwezi wa tano, wiki tatu. Ila ameshaniambia wazi, haji kuniona mimi. Anakuja kwa ajili ya kaburi."

"Kaburi gani?"

"Lako," akasema. "Yaani lile lako uliloliandika. La Askofu."

Makala yangu, ambayo hapa London niliamini imesomwa na mhariri na labda mkewe, ilikuwa imepigwa picha, ikatumwa kwa simu, ikafika Kwemtindi, ikasomwa kwa sauti barazani kwa Bibi Perpetua, mama yake Neema, mwenye miaka themanini na moja. Nilipokwenda kumwamkia alipofika, nilimkuta amekaa karibu na radieta, lile bomba la kupashia nyumba joto, amejifunika kanga mbili na koti la mkwewe, na mezani mbele yake kuna kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa plasta kuzunguka mfuniko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyesimama pale."

Nikacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

"Nilisomewa mara tatu," akasema. "Nikasema, huyu amefika, atanifikisha." Akagusa lile kopo. Baba yake, Yohana, alikuwa katekista wa Askofu, na kabla ya kufa alimwachia bintiye agizo: siku akipata mtu wa kumpeleka, achukue udongo wa chini ya dirisha la kusini la kanisa, aumwage juu ya kaburi la Askofu, na amwambie maneno fulani. Bibi Perpetua alikuwa ametunza agizo hilo kwa miaka arobaini, na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam walimfungulia kopo, wakalinusa, wakamrudishia.

"Maneno gani, Bibi?"

"Hayo ni ya Askofu."

Kwa nini dirisha la kusini sikuuliza. (Mwandishi wa insha haulizi sana, anapenda kukisia, kukisia kunaandikika vizuri zaidi.) Kama kuna saa ambayo mtu mzima alipaswa kusema ukweli, ilikuwa ile. Ningesema, "Bibi, samahani, sijawahi kufika, lakini nitalitafuta," na yeye angenitazama vibaya kwa dakika tano, na leo usingekuwa unasoma haya. Badala yake nikasema, "Nitakufikisha, Bibi." Akanipa mikono yake yote miwili, na mikono ile ilikuwa baridi.

Nilidhani tutakwenda watatu, kimyakimya. Lakini Neema akamwambia Mhando, na Mhando ni dereva wa basi wa Tottenham ambaye siku zake za mapumziko ni mshereheshaji wa arusi na misiba yote ya Watanzania kuanzia mto hadi barabara kuu ya kaskazini, ana spika yake ndogo yenye kipaza sauti, na kwake yeye kaburi bila ratiba ni dharau kwa marehemu. Akafungua kundi la WhatsApp. Kwaya ikajiunga. Kina mama wakakumbuka kwamba wana kitenge cha Pasaka ambacho hakijavaliwa zaidi ya mara moja. Kila nilipofungua simu watu walikuwa wameongezeka, na kila mmoja alikuwa ameandika "Hongera Mwalimu Joeli kwa kutuonyesha njia." Siku ikawekwa Jumamosi ya mwisho, saa sita mchana, kwa sababu Jumapili asubuhi Bibi alikuwa anapanda ndege kurudi, na hakuna aliyedhani atakuja tena. Yeye mwenyewe alisema, "Viza ya pili ni ya vijana."

Alhamisi, siku mbili kabla, ndipo nikapanda lile basi moja.

Makaburi yalikuwa makubwa kuliko wilaya kadhaa ninazozijua. Ofisi hufunguliwa Jumatatu na Jumatano asubuhi, ndivyo lilivyosema bango mlangoni. Ningeweza kuwaandikia barua pepe wiki tatu kabla, lakini kumuuliza mtu kaburi liko wapi ni kukiri kwamba hulijui, na kwa namna ya ajabu niliona aibu mbele ya karani nisiyemfahamu kuliko nilivyoona mbele ya Bibi Perpetua. Basi nikaanza kutafuta kwa akili. Na akili yangu, pamoja na shahada zake, ilikuwa akili ya Kwemtindi. Kwetu kaburi la askofu halitafutwi, linaonekana. Lina vigae, lina uzio wa chuma uliopakwa rangi ya fedha, lina paa la bati juu yake ili marehemu asinyeshewe, na liko mbele ya kanisa, mahali ambapo hata mlevi hawezi kulikosa. Kwa hiyo sikuangalia mawe madogo. Niliyapita mamia bila kuyatupia jicho. Nilitafuta ukubwa.

Baada ya saa moja na nusu nikaupata. Jiwe refu kuliko mimi, limezungukwa na mnyororo, kokoto nyeupe juu ya kaburi lenyewe, na maandishi yaliyoliwa na mvua mpaka yamekuwa kama alama za kucha. Lakini juu kabisa, kwenye kilele, palichongwa kitu chenye ncha, kipana katikati, chenye mikunjo mikunjo: kofia ya kiaskofu, ile ndefu. Nilizunguka mara mbili. Nikajiambia, nani mwingine huzikwa na kofia ya askofu kichwani? Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi. Watu wakajibu kwa mikono iliyokunjwa ya kusali, ishirini na mitatu.

Jumamosi tukafika. Mhando alivaa suti nyeusi na glavu nyeupe. Sufuria la pilau la Neema, lililofungwa kwa taulo, likateremshwa kwenye kivuli karibu na lango pamoja na chupa za chai, kisha tukapanga mstari, kwaya mbele, Bibi Perpetua kwenye kiti cha magurudumu alichoazimwa kazini kwa Neema (aliweza kutembea, lakini alisema atahifadhi miguu kwa ajili ya penyewe), tukaenda polepole tukiimba. Ilikuwa vizuri, lazima niseme. Hata Waingereza wawili waliokuwa wanatembeza mbwa walivua kofia.

Tulipofika Mhando akawasha spika na kufuata ratiba yake ya kila msiba, maana hana nyingine. "Sasa tunaomba wanafamilia wa marehemu wajongee na shada lao." Hakuna aliyejongea. Askofu hakuoa, hakuzaa. Bibi Perpetua akasukumwa mbele kuwa familia. "Ahsante. Sasa wakwe wa marehemu... wakwe hatunao. Wafanyakazi wenzake... tunawaombea popote walipo. Majirani!" Na sote tukawa majirani. Mashada manne yakalala juu ya kokoto. Kisha Bibi akasimama, akakata plasta kwa ukucha, akafungua kopo, akaumwaga udongo wote, mwekundu kabisa, kuanzia kichwani kwenda miguuni. Soprano mmoja akaanza kulia. Bibi akavuta pumzi ili aseme yale maneno.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja wa Kiingereza, umri wa miaka sabini hivi, mwenye koti la mvua, fimbo ya kutembelea na ramani iliyowekwa kwenye plastiki, na kifuani beji iliyosema anaitwa Doreen na kwamba anajitolea kutunza makaburi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi.

"Nyinyi ni jamaa wa Bwana Josiah?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Nimefurahi mno. Miaka kumi na moja nipo hapa, sijaona mtu hata mmoja akimjia. Zamani walikuwa wanakuja watu wa kiwanda chake. Alikuwa na kiwanda cha bia kikubwa kuliko vyote upande huu wa London." Akanyoosha fimbo yake juu, kwenye kofia ya kiaskofu. "Lile ni ua la mmea wanaoutia kwenye bia. Limechongwa kwa ustadi, sivyo?"

"Anasemaje?" akauliza Bibi Perpetua.

Nikasema, "Anatukaribisha, Bibi. Amefurahi kuona Askofu anakumbukwa."

Sasa fikiria vizuri jambo hili, kwa sababu mimi sikulifikiria. Katika kundi lile la watu ishirini na wanne, ukinihesabu mimi, mtu asiyejua Kiingereza alikuwa mmoja tu. Wengine wote wameishi London miaka kumi, ishirini, thelathini, wanaendesha mabasi kwa Kiingereza, wanagombana na halmashauri kwa Kiingereza, wanaota kwa Kiingereza. Wote walikuwa wamemsikia Doreen, neno kwa neno, na wote wakanisikia mimi. Kwaya ikawa inatazama viatu vyake.

"Mwambie ahsante," akasema Bibi. "Mwulize, alimfahamu Askofu?"

Nikamgeukia Doreen nikamwuliza kama anadhani hali ya hewa itaendelea kuwa nzuri. Doreen akasema hadi Jumanne.

"Anasema hakumfahamu," nikatafsiri, "ila amesikia sifa zake."

"Mwalimu," akasema Mhando, na alikuwa amesahau kwamba kipaza sauti bado kiko mdomoni, kwa hiyo makaburi yote yakamsikia, waliokufa na sisi, "hebu tafsiri tena."

Bibi Perpetua akatazama nyuso za watu mmoja baada ya mwingine, na mtu aliyelea watoto saba haambiwi kuna nini.

"Joeli," akasema.

"Naam, Bibi. Kaburi hili si lake."

"Ni la nani?"

"La mtu wa bia."

Mwanakwaya mmoja wa sauti ya besi akatoa sauti kama ya puto linalotoka hewa. Bibi hakugeuka. "Umepotea njia? Siku nyingi zimepita tangu uje, makaburi nayo hufanana."

Alinifungulia mlango, kwa wema kabisa, mlango mpana. Ningepita, na nusu ya watu wangeniamini. Lakini nilitazama ule udongo mwekundu juu ya kokoto za Bwana Josiah, na kopo tupu mkononi mwake, nikaona nikipita hapo sitatoka tena.

"Sikuwahi kuja, Bibi. Niliandika tu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na yale manyunyu?"

"Niliyabuni."

"Na ndege?"

"Na ndege."

Akakaa kwenye kiti chake. "Ndege nilimpenda," akasema.

Neema akaanza kunirarua kwa maneno, na alikuwa na haki ("Kaka Joeli, mama anaondoka kesho, unaelewa? Kesho!"), lakini mama yake akamwinulia kidole. Kisha akatueleza, sisi sote, habari ya dirisha. Yohana baba yake, katekista, mwanachama namba mbili wa Chama cha Kuacha Pombe, alikwenda arusini kwa mdogo wake, akapewa kata moja ya pombe ya miwa, akanywa ili asimvunjie mdogo wake heshima. Askofu akapata habari. Alimsimamisha mbele ya kanisa zima, akamvua kanzu yake ya huduma, akamtenga mwaka mmoja. Mtu aliyetengwa haingii ndani. Kwa mwaka mzima, kila Jumapili, Yohana alikaa chini, nje, chini ya dirisha la kusini, akisikiliza ibada aliyokuwa akiiongoza yeye, mvua na jua, wanawe wakimpita kuingia.

"Sasa udongo wa mahali alipokaa kwa kata moja ya pombe," akasema Bibi Perpetua, "umekwenda kwa mwenye pombe mwenyewe." Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, akijipangusa macho kwa pindo la kanga. "Baba angepata la kusema leo."

Hakuna mwingine aliyecheka. Alipomaliza akanitazama. "Uchote."

"Wote, Bibi?"

"Ulimwagika kwa kosa lako."

Neema akaniletea kijiko cha kupakulia pilau kutoka langoni na hakunipa, alinitupia. Nikavuka ule mnyororo, nikapiga magoti ndani ya suti yangu ya mazishi, nikaanza. Udongo wetu mwekundu juu ya kokoto nyeupe unaonekana vizuri, hiyo ilikuwa rehema, lakini ulikuwa umeingia katikati ya kokoto, ikabidi niinue moja moja, nizikung'ute juu ya kopo. Nilimweleza Doreen yote, nikiwa pale chini, na safari hii sikupunguza. Akasikiliza, akasema kwamba kwa kawaida hairuhusiwi kuondoa kitu juu ya kaburi, ila anadhani Bwana Josiah hatalalamika, kisha akafungua orodha yake. Aliuliza jina mara moja tu. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Thackwell. Yuko karibu na lango."

Kopo lilipojaa kiasi cha robo tatu Bibi akasema inatosha. "Hicho kilichobaki mwachie. Huyu naye hana watu." Akaagiza shada moja nalo libaki.

Karibu na lango. Tulirudi njia ileile tuliyokujia tukiimba, safari hii hatuimbi, mpaka pale tulipoacha chakula, na Doreen akasimama, akaomba radhi, akasogeza sufuria la pilau. Lilikuwa limeegemezwa kwenye jiwe la kimo cha goti, la kijivu, mfano wa yale mamia niliyoyapita Alhamisi. Lilikuwa na jina la mwanamke, Harriet Thackwell, yule dada. Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: pia kaka yake, Edmund.

"Wameandika alikuwa askofu?" akauliza Bibi.

"Hapana, Bibi."

"Wameandika alikuwa kwetu?"

"Hapana. Ni hayo tu. Pia kaka yake, Edmund."

Aliposikia hayo akatingisha kichwa, si kwa huruma, kama mtu anayesahihisha hesabu kichwani. Miaka arobaini alikuwa amebeba maneno ya kumwambia mkubwa, na mkubwa yule alikuwa amelazwa kwenye kona ya kaburi la dada yake kama mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja. Akaniambia nisome wasifu, kama ilivyokuwa kwenye ratiba. "Lakini ulichokisoma tu. Ulichokibuni uache."

Nilikuwa na kurasa sita mfukoni. Nikazipitia kichwani na kuziona zimebaki mbili. Nikazirudisha, nikasema bila karatasi: mishumaa, homa, jikoni, mawe vichwani mwa kina mama, barua kwa gavana. Nikafika mwisho wa yale mazuri, na hapo nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema. Kwamba kule maktaba, pamoja na barua, niliona daftari la nidhamu kwa mwandiko wake Askofu mwenyewe, na ndani yake kuna mstari: Yohana, katekista, ametengwa mwaka mmoja, pombe arusini. Niliuona. Sikujua ni Yohana yupi, lakini niliuona, nikaufunika, kwa sababu katika makala yangu Askofu alikuwa mtu mpole na ule mstari ulikuwa unaharibu. Nilibuni ndege nikamwacha mtu.

Mhando alikuwa amezima spika. Nilisikia basi likipita barabarani.

Bibi Perpetua akasimama bila kusaidiwa, akainama mpaka mkono wake ukagusa lile jiwe, akamwaga udongo palepale mbele ya jina dogo. Kisha akasema, si kwa sauti ya maombi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua: "Edmund. Mimi ni binti wa Yohana. Baba anasema yamekwisha. Alisema pia kwamba ile pombe ilikuwa tamu."

Tukala pilau papo hapo. Doreen alikula sahani mbili.

Jumapili alipanda ndege. Kabla ya kuyatoa maandishi haya nilimsomea yote kwa simu, kuanzia juu hadi hapa, nikisimama kila aya kumwuliza kama kuna uongo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Uongo haumo," akasema. "Ila mbona hukusema suruali?"

Nikamwambia, Bibi, suruali si jambo la msingi.

"Iandike."

Basi. Nilipopiga magoti kwenye kaburi la Bwana Josiah suruali yangu ya mazishi ilichanika nyuma, kuanzia mkanda kushuka, kwa mlio ambao Mhando huuigiza kwa mdomo hadi leo, na wasifu wa Askofu Edmund Thackwell, barua ya gavana na yote, niliusoma nikiwa nimejifunga kiunoni kanga ya Bibi Perpetua. Ilikuwa ya kijani, yenye mabata. Mabata yalikuwepo, ukitaka, mwulize Neema. Sitaandika tena kitu ambacho hakuna wa kuulizwa.